Umati wa Mheshimiwa Lubango

Paliondokea mbunge mmoja, Mheshimiwa Lubango, aliyeanza siasa kwa kuzindua choo cha shule, akapanda hadi bungeni kwa kukata utepe tu. Hata banda la kuku la shemeji yake alilizindua kwa hotuba.

Siku alipokuja kuzindua zahanati ya Igunzilo, alikuta wanawake wachache na mbuzi wao.

"Sikati utepe mbele ya mbuzi!" alifoka. "Bila umati, mlango haufunguliwi mpaka uchaguzi."

Nyamizi, mmoja wa wanawake hao, alishtuka. Nyuma ya ukuta, wifi yake alikuwa ameinama kwa uchungu wa kuzaa, na nesi alikatazwa kufungua kabla ya uzinduzi.

"Umati upo, Mheshimiwa," alisema kwa upole. "Wewe kata tu. Watatoka kwa mlango huohuo, mmoja mmoja, wakipiga kelele."

"Kumbe wamejificha ndani?"

"Hakuna aliyewahi kuwaona, baba."

"Na wananipenda?"

"Hawajasikia hata neno moja baya juu yako."

Mbunge akanyoosha tai, akakata utepe. Nesi akafungua mlango. Dereva wa mbunge, mtu mwenye huruma, akamshika wifi mkono, akamwingiza taratibu hadi kitandani.

Mbunge alichungulia chumba baada ya chumba. Vitupu vyote, ila kile cha kujifungulia.

"We mama! Umati wangu uko wapi?"

Pale kitandani kikapasuka kilio chembamba.

"Wa kwanza kashafika, Mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Anza hotuba, wenzake wako njiani."