Saa Moja ya Bwana Muhidini

Katika mji wa Zafarani alitawala sultani aliyeitwa Sarhani bin Jabiri, mwenye majeshi asiyoyapeleka vitani na bustani asizozitembelea, na Mwenyezi Mungu alikuwa amemjaalia kila neema isipokuwa kazi ya kufanya, na kwa hiyo akatoa amri kwa nchi zote zilizokuwa chini yake, na kwa zile zilizojifanya hazikusikia, kwamba kila mwaka masika yakiisha, mafundi na wauzaji wa saa wakusanyike katika kasri lake kwa maonyesho ya wiki nzima, na wapenzi wa saa waje kuzitazama na kuzishika na kuzinunua wakijaliwa, na wamsifu yeye kwa kuwakutanisha. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, hata hapakubaki mtu wa kuuliza kwa nini watu wanaoamshwa na adhana na kurudishwa nyumbani na adhana walihitaji saa nyingi kiasi kile.

Na katika mji huo aliishi mfanyabiashara wa mazulia, jina lake Muhidini bin Kombo, mgane wa makamo asiye na mtoto, aliyejaaliwa mikono miwili kama watu wengine na saa za kutosha mikono mia. Hakuwahi kukosa maonyesho hata mara moja. Alikuwa amekwisha kuchoka navyo, yale maonyesho na saa zenyewe, lakini uchovu wake ulikuwa wa namna ile ya mtu aliyezoea safari: miguu inauma na bado inakwenda.

Alikuwa amemposa Bi Zainuna binti Athumani, mjane aliyefundisha watoto Kurani barazani kwake, mwanamke mwenye macho ya kuona na ulimi wa kusema alichokiona. Na harusi yao ilikuwa imeahirishwa mara tatu, mara ya kwanza kwa sababu ya maonyesho, mara ya pili kwa sababu ya wauzaji waliowahi kufika kabla ya maonyesho, na mara ya tatu kwa sababu ya wauzaji waliokawia kuondoka.

Mwaka huo, kabla milango ya kasri haijafunguliwa, Bi Zainuna alimwita nyumbani kwa kaka yake, Bwana Haidari, akamwambia kutoka nyuma ya pazia:

"Bwana Muhidini, sina ugomvi nawe. Nimechoka tu. Siku ya mwisho ya maonyesho yako, baada ya Magharibi, ikifika saa moja, kadhi atakuwa hapa kwa kaka. Ukija nitakuwa mkeo. Usipokuja, kaka ameshanitafutia mkuu wa forodha, na mimi sina tena nguvu za kubisha."

"Mkuu wa forodha!" akasema Bwana Muhidini. "Yule anayezungumza huku anatafuna?"

"Huyo huyo. Lakini akiitwa, huja."

"Wallahi, Bi Zainuna, nitakuja. Nitafika kabla ya kadhi."

"Na usilete saa ukanieleza habari za kamani na magurudumu," akasema Bi Zainuna. "Njoo wewe."

Basi maonyesho yakafunguliwa, na Sultani akapita kati ya meza akipiga miayo nyuma ya kitambaa cha hariri, na nyuma yake wakafuata wapenzi wa saa wa miji yote, na mikono ya kanzu zao imekunjwa hadi viwiko kama watu wanaokwenda kutawadha, ili kila mmoja amwone mwenzake amevaa nini. Wakasalimiana kwa kutazamana vifundo vya mikono. Wakanyweshwa kahawa, na baada ya kahawa wakanyweshwa kahawa. Na ilikuwa desturi ya wauzaji wakubwa kwamba saa nzuri haziuzwi kwa mwenye mali, bali huuzwa kwa anayestahili, na anayestahili ni yule aliyenunua kwanza saa mbaya bila kunung'unika. Kwa desturi hiyo Bwana Muhidini alikuwa amejaza nyumba yake saa za ukutani zenye sanamu za bata.

Siku moja kabla ya mwisho, baada ya Alasiri, nyayo zikiwa zimemvimba, aliitwa nyuma ya pazia la Hawaja Bahrami, muuzaji aliyeogopwa kuliko wote, mtu ambaye hakuwa amemjibu salamu kwa miaka yote waliyojuana.

"Ewe tajiri mwenye kustahiwa," akasema Hawaja Bahrami, na akainama kidogo sana, "subira yako imetufikia, na ukimya wako mbele ya wale bata tumeuandika katika mioyo yetu. Leo nyumba yangu inakuona wewe kuwa ni mtu wa kuonyeshwa hii."

Akamwekea kiganjani saa ya mfukoni ya dhahabu iliyofifia, isiyo na kito hata kimoja, na ndani yake kulikuwa na mlio mdogo, si wa magurudumu, bali kama wa mtu anayevuta pumzi kupanda ngazi.

"Bei yake?" akauliza Bwana Muhidini.

"Bei yake huitaja yenyewe. Fungua kifuniko."

Akafungua kifuniko, ukatoka moshi unaonuka mafuta ya cherehani, na ndani ya moshi akatokea jinni mmoja mzee, kimo chake kidole gumba, mabega yamechubuka kwa kusukuma magurudumu, akasema, "Labeka, mwenye saa. Naitwa Dahruni. Nabii Suleimani, amani imshukie, alinifunga humu kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nimelisahau. Saa hii haitiwi ufunguo wala haikosei, kwa kuwa naizungusha mimi. Ukiniambia niende nayo mwendo wa nyota, nitakwenda. Lakini kila anayenichukua hunipa ujira mmoja."

"Sema, ewe Dahruni. Lulu? Ubani?"

"Lulu nitaiweka wapi?" akasema jinni, na akakaa juu ya mshale wa dakika. "Nataka saa moja."

Bwana Muhidini alikumbuka kabati zake zilizojaa, akakumbuka wale bata, akacheka kicheko chake cha kwanza tangu maonyesho kuanza. "Saa moja tu? Ninazo nyingi mno. Chukua uipendayo."

"Niipendayo?"

"Uipendayo, na mashahidi ni Hawaja huyu na ukuta huu."

Dahruni akambusu kidole, akarudi ndani. Na Hawaja Bahrami akafunga pazia haraka, kama mtu aliyefanikiwa kumtoa mgeni wa usiku kucha.

Jioni ile Bwana Muhidini aliswali Magharibi, akaketi kwenye kiti chake, akaitazama saa yake mpya, na mshale ulipogota saa moja akasikia kitu kinapiga miayo ndani ya fuvu lake. Alipofumbua macho ilikuwa saa mbili, mate yamemtiririka kidevuni, na mpishi wake alikuwa amemsimamia na kijiko mkononi.

"Bwana, nimekuita hadi koo limeniuma. Ulikaa kama ubao, na unakoroma kwa sauti ya mtu mwingine."

Asubuhi, saa moja, ikawa vilevile. Akaamka saa mbili amejilaza juu ya uji, akakifungua kifuniko kwa hasira.

"Dahruni! Umenifanya nini?"

"Nimelala," akasema jinni, na uso wake ulikuwa umeng'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga. "Humu ndani siwezi kulala, kuna magurudumu. Kichwani mwako kuna nafasi. Uliniambia nichukue niipendayo, nami naipenda saa moja."

"Mimi nilikusudia saa! Saa ya kuvaa! Ya kutundika!"

"Mimi niifanyie nini saa ya kutundika?" akauliza Dahruni kwa upole. "Miaka elfu nasukuma saa, bwana. Ungekuwa wewe ungeomba nyingine?"

Bwana Muhidini akaenda mbio kwa Hawaja Bahrami, lakini Hawaja alikuwa amerudia desturi yake ya kutojibu salamu. Akafikiri kumtumia ujumbe Bi Zainuna abadilishe saa ya nikaha, na papo hapo akasikia masikioni kicheko cha Bwana Haidari, "Anaahirisha mara ya nne!" Hapana, alisema moyoni, nitawahi. Kati ya kwisha Magharibi na kufika saa moja kuna kinafasi, na kusema nimekubali ni neno moja.

Na kweli aliwahi. Alifika kwa Bwana Haidari kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, akawakuta wageni wameketi, kadhi ameketi, na mkuu wa forodha ameketi karibu na sinia ya mbaazi, anatafuna, amekuja endapo atahitajika.

"Shehe," akasema Bwana Muhidini, "tuanze."

"Tulia, mwanangu," akasema kadhi, aliyekuwa hajapata watu wengi wa kumsikiliza tangu Ramadhani. "Ndoa haikimbizwi. Kwanza tukumbushane fadhila zake." Akakohoa, akaanza na fadhila za ndoa, akaingia haki za mume, akatoka kwenye haki za mume akaingia haki za jirani, na Bwana Muhidini akamshika goti akisema, "Shehe, nakuomba, niulize tu," na kadhi akasema, "Ninakuja huko," na hapo hapo, katikati ya haki za jirani, saa ikagota saa moja, na bwana harusi akakakamaa, macho yakafumba, akaanza kukoroma.

Kadhi akamuuliza mara mbili kama amekubali, na mara zote mbili akajibiwa kwa mkoromo.

"Ana jinni huyu!" mtu mmoja akapiga kelele. "Leteni ubani! Iteni wenye ngoma!"

"Ana dharau," akasema Bwana Haidari. "Hata kwenye harusi yake anachoka. Shehe, bwana wa forodha yupo. Kabla ya Isha tutakuwa tumemaliza."

Mkuu wa forodha akafuta vidole.

Ndipo pazia la wanawake likavutwa, si kidogo kama ilivyo adabu, bali likang'oka na fimbo yake, na Bi Zainuna akatoka na mikono yake imepakwa hina, akapita katikati ya wanaume, akaketi mbele ya bwana harusi.

"Hakuna ngoma itakayopigwa hapa," akasema. "Wewe uliyemo ndani, hujambo?"

"Sijambo, mama," ikajibu sauti nyembamba kwenye kinywa cha Bwana Muhidini. "Ila ninalala."

"Naona. Unalala kwa ruhusa ya nani?"

Dahruni akaeleza mapatano neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, maana majini wana makosa mengi lakini hawana kiburi cha kupamba. Bi Zainuna akasikiliza, akamtazama mchumba wake aliyekuwa kinywa wazi, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

"Umeomba saa moja, akakupa saa moja. Hilo silibishi, ujinga wake haukuondolei haki yako. Jana ulilala jioni?"

"Nililala."

"Na leo asubuhi?"

"Nililala."

"Basi hizo ni mbili, baba."

"Zote ni saa moja," akasema jinni. "Zina jina moja."

"Mimi na shangazi yangu tuna jina moja," akasema Bi Zainuna. "Lakini nikiolewa na bwana huyu, akaenda kulala kwa shangazi, nani hapa atasema kalala kwangu?"

Wanawake wakaangua kicheko nyuma ya pazia lililoanguka, na shangazi mwenyewe akasema kwa sauti, "Aje, lakini asiwe na mikoromo!" Hata kadhi akauma ndevu.

"Mama, nimeshindwa," akasema Dahruni. "Ni moja. Basi naichukua hii ya jioni, kila siku, maana nimeshalala nusu."

Bwana Haidari akatazama mlango, na mkuu wa forodha akasogea.

"Chukua," akasema Bi Zainuna polepole, "lakini nikwambie ukweli kama mtu aliyechoka anavyomwambia mwenzake. Jioni nyumba yangu ina watoto wa chuo wanaopiga kelele za alifu na be, ina wageni, ina jikoni. Asubuhi watoto hawajaja. Nitafunga madirisha, nitamwekea bwana huyu mto, na hakuna atakayekusemesha hadi saa mbili."

"Hata kunguru hawatalia?"

"Kunguru siwezi kukuahidi."

Na jinni, aliyekuwa ameahidiwa na wafalme na matajiri kila kitu kilichomo chini ya jua na asipewe, aliposikia neno hilo alimwamini. "Ya asubuhi, mama," akasema. "Samahani kwa usumbufu." Akatoka puani mwa Bwana Muhidini kama chafya, akarudi kwenye magurudumu.

Bwana Muhidini akafumbua macho, akamwona Bi Zainuna bila pazia. "Nimechelewa?" akauliza.

"Sema nimekubali," akasema Bi Zainuna.

Akasema nimekubali, kadhi akamwambia asubiri aulizwe kwanza, akaulizwa, akasema tena, na mwadhini wa Isha akaanza. Mkuu wa forodha akarudia mbaazi.

Wakaishi pamoja. Bwana Muhidini hakwenda tena kwenye maonyesho, kwa kuwa yalifunguliwa asubuhi saa moja hasa, na akishaamka hakuona sababu ya kukimbilia kahawa. Badala yake akawa anashinda dukani, na wateja, waliokuwa wamesahau kwamba duka lile lina mwenyewe, wakarudi, na mazulia yakatoka, wakatajirika. Wale bata Bi Zainuna aliwatoa zawadi kwa Sultani, naye akawapokea na kuwasifu sana.

Na kila asubuhi Bi Zainuna hufunga madirisha, humwegemeza mumewe kwenye mto, kisha huketi na chai yake, kunguru wakilia nje, na saa ya dhahabu imesimama mezani, na kwa muda huo katika mji wote wa Zafarani hapana anayemweleza kitu. Watu wakimwonea huruma kwa kuolewa na mwenye jinni, huwaacha wamwonee.

Basi mtu akikuomba saa moja, muulize kwanza ni ipi. Na ukiwa mtu wa kusahau kuuliza, oa atakayekuulizia.