Bustani ya Nyemo na Mtani Mwizi

"Mche wa kwao haubembelezwi." Mmeisikia kwa shangazi yenu jikoni, mkacheka, kisha mkaja mbio kuuliza ilitoka wapi. Kaeni basi. Ilizaliwa nyuma ya nyumba moja huku huku kwetu Ugogoni, na ilianza hivi.

Nyemo alipoolewa na Mwaluko, alikuta uwanja wa nyuma mtupu kama kipara. Enzi hizo nyumba ya heshima ilijulikana kwa ufagio. Jani likiota asubuhi, jioni halipo, nyoka asipate pa kujificha. Uwanja wa mbele Nyemo aliufagia kama wenzake. Wa nyuma akamwomba mumewe amwachie.

Kwanza aliangalia tu. Aliona maji ya bafuni yanakokimbilia, kivuli cha nyumba kinapoishia, upepo unapopita na vumbi lake. Ndipo akachora ardhini kwa kijiti: mkole upande wa magharibi, uchuje jua la alasiri na watoto wale matunda, mishubiri kando ya njia, na kwenye mawe, waridi la jangwani. Miche yote aliichimba mlimani mwenyewe, akaibeba kichwani kwenye beseni.

Damari, dada mkubwa wa Mwaluko, ambaye akikohoa nyumba nzima inanyamaza, alikuja akashika kiuno.

"Wifi, wazee wetu wamefagia pori mpaka migongo imepinda. Wewe umelirudisha kwa beseni?"

"Nimelipangia mahali pa kukaa, wifi."

"Na nyoka umempangia chumba?"

"Chini ya mkole nafagia kila siku. Akija atakuta hakuna hata shuka."

Damari alicheka, lakini hakulegea. "Kiangazi wanakuja wageni kumposa mdogo wetu. Wakikuta kichaka hapa, nitang'oa nichome, na mumeo simsikilizi."

Damari naye akanunua mawaridi ya mjini, akayapanga mbele kwenye makopo. Asubuhi aliyamwagilia, jioni aliyamwagilia, upepo ukija akayakinga kwa kanga. Lakini maji ya kisima chetu mnayajua, yana chumvi. Majani yakaungua kingo kama yamepitishwa motoni.

Huku nyuma, miche ya Nyemo ilipata maji ya bafuni mpaka iliposhika mizizi, kisha akaiacha. Kiangazi kilipoingia, waridi la jangwani likapukutisha majani yote.

"Hizi kuni nichukue?" Damari akauliza, panga mkononi.

"Wageni hawajafika, wifi."

Alijibu kwa utulivu, ila hakika hakuwa nayo. Mlimani alikuwa ameona mmea huo ukivaa maua wakati wa jua kali. Uani hakuwa ameona bado.

Siku ya wageni, Damari aliyaficha makopo yake nyuma ya choo. Nyemo akafungua mlango wa uani, akasimama hapo hapo. Vile vijiti vikavu vilikuwa vimejaa maua ya rangi ya waridi. Mishubiri imeinua mashada mekundu, na ndege chozi wanagombania utamu. Wageni hawakukaa mbele tena. Viti vikahamia nyuma.

Sasa, kati yao alikuwepo Lugusha, Mnyamwezi, mtani wa ukoo. Mtani akiingia kwako huchukua kinachompendeza kuliko vyote, na wewe kununa huruhusiwi. Watu walishaficha jogoo. Lugusha akaupita mkeka mpya, akalipita hata banda la kuku, akapiga goti kwenye mawe na kuanza kuchimba.

"Hili naondoka nalo," alisema. "Wagogo nyie, mbele mnatuonyesha vumbi, uzuri mnauficha nyuma."

"Weka chini, mwizi wewe." Alikuwa Damari, ameshika shina kwa mikono miwili. "Hiyo ni bustani ya wifi yangu."

"Mtani hakatazwi, mama. Niambieni tu, mnalibembelezaje mpaka lichanue kwenye ukame huu?"

Damari akamgeukia Nyemo. Kwa mara ya kwanza alikuwa akingoja jibu kwake.

"Silibembelezi," Nyemo akasema. "Mche wa kwao haubembelezwi. Unaupa mahali pake, basi."

Damari akaachia shina. Lugusha akaondoka na mmea, na maneno nayo akaondoka nayo, akiyasema kila aliposimama kunywa maji hadi Unyamwezini. Posa ilikubaliwa. Mvua zilipokuja, wanakijiji walimwona Damari akishuka mlimani, beseni kichwani, shingo imenyooka kama bibi harusi. Waliomuuliza anapeleka wapi pori lile aliwajibu bila kusimama:

"Mche wa kwao haubembelezwi."