Doa Lililoitwa Mchuzi

Ndugu zangu, swala tumemaliza na joto mnaliona. Leo sina nguvu za kupaza sauti. Nitawapa mfano mmoja, kisha mwende zenu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja hodari wa kufua. Kwake kila doa lilikuwa na jina lake na dawa yake. Masizi aliyakung'uta kabla hayajaguswa na maji. Kutu aliipaka ndimu na chumvi. Damu aliiloweka kwenye maji baridi, na mchuzi aliumwagia maji ya moto na sabuni. Kwa hiyo kabla hajagusa nguo aliuliza kwanza.

Alasiri moja mumewe akarudi na pikipiki yake, kanzu nyeupe ina doa mkononi. Kanzu ya maana alikuwa nayo hiyo hiyo, na kesho yake alikuwa anamwozesha binti yake.

"Baba watoto, hili doa la nini?"

"La mchuzi. Nimekula pale sokoni."

"Mchuzi gani mweusi hivi?"

"Mchuzi ni mchuzi, mke wangu. Wewe fua tu."

Akachemsha maji, akamwaga, akafikicha mpaka vidole vikamuuma. Doa likageuka kahawia, likang'ang'ania uzi. Mume kuiona kanzu, akapiga ukelele.

"Umeniharibia! Kesho nitasimama mbele za watu nimevaa nini?"

Mke hakumjibu kwa ukelele. Alikuwa amechoka, kama wanavyochoka wake zetu. Akasema polepole, "Mchuzi hutoka kwa maji ya moto. Kinachoganda hivi ni damu. Kanzu si neno. Mwenye damu yuko wapi?"

Mume akakaa chini. "Nimemgonga mzee mmoja, kule kwenye kona ya mikorosho. Nikamwinua kichwa. Kutazama huku na huku, hakuna aliyeniona..."

"Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua."

Wakaenda mbio. Walikuta kandambili moja na ndizi zimetapakaa. Mzee kachukuliwa na nani, yu hai au kafa, mpaka leo hawajui.

Haya. Na sisi? Rushwa tunaiita chai. Zinaa tunaiita mchepuko. Ukimsengenya jirani, ulikuwa unapiga soga tu. Ukimpiga mkeo, shetani kakupitia. Kila siku shetani apite yeye, hachoki? Mimi nimechoka kuyasema haya, na nyuso zenu naziona, mmechoka kuyasikia. Tunapeleka madoa yetu kwa Mola tukiyaita mchuzi, kisha tunashangaa mbona hayatoki. Mnadhani Yeye haijui damu?

Anaijua. Lakini na mimi nasema kama yule mama: kanzu si neno. Muda wote maji yalipokuwa yanachemka jikoni, mzee alikuwa amelala kwenye kona, anapumua. Hilo ndilo linaloniuma mimi. Tunahangaika na weupe wetu, na tuliyemuumiza tumemwacha njiani.

Basi wewe uliyekaa hapo na kanzu yako safi, mwenye damu yako yuko wapi? Unamjua, na kwake unapajua. Huenda bado anapumua. Inuka uende. Sunna utaiswali ukirudi.