Nani Amtoe Nje Mtoto wa Mkunde?

Wenye kusikia wasogee, na wenye kubisha wasogee zaidi, maana hadithi hii bila mbishi haitembei.

Palikuwa na vijana watatu Korogwe, zama za kaseti, na kila mmoja Mungu alimpa chake. Mashavu, msichana pekee kati yao, alipewa maneno. Akikutania leo, utacheka kesho kutwa ukishaelewa. Kilua alipewa vidole. Redio iliyokufa mjini ilipelekwa kibandani kwake sokoni, naye akaifufua huku anakula muhogo. Hiza alipewa sauti. Si ya kuimba, la, akiimba hata mbuzi waliondoka. Ya kusema. Hiza akikuuliza habari za asubuhi, ulijiona umeulizwa wewe peke yako duniani.

Watatu hao walitoa wimbo mmoja tu, wa muziki wa kufoka, wakati ambao wazee wakiusikia muziki huo huuliza, "Kijana huyu anagombana na nani?" Wimbo ule uliokoa watu, na mmoja wao ni binti aitwaye Mkunde. Sasa Mkunde amezaa, mtoto mzima, mama mzima, na kesi iko mlangoni.

Kwao Mkunde mtoto haoni jua mpaka arobaini. Siku hiyo hatolewi nje na mama yake wala baba yake. Hutolewa na mtu ambaye mama anaamini kwamba bila yeye mtoto huyu asingepatikana, na huyo huitwa mzazi wa mlangoni. Si cheo cha bure. Ndiye wa kwanza kuambiwa jino likiota, ndiye anayekaa mkeka wa mbele siku ya ndoa, na siku akifa, mtoto huyo ndiye anayetangulia kumwagia udongo. Hata marehemu anaweza kumtoa mtoto. Watu wake huleta nguo yake, mtoto akafungwa humo, akatoka. Ila mtoaji ni mmoja. Mtoto akipitishwa mlangoni na mikono ya wawili, husema wazee wao, hukua hana kwao.

Kwa kawaida jambo hili ni jepesi. Mama humtaja bibi yake au shangazi, pilau likaliwa, watu wakaenda zao. Mkunde ndiye aliyelifanya zito kwa ulimi wake. Mkunga alipomuuliza, "Nimwite nani?", yeye, na uchovu wake wa uzazi, akajibu, "Waite wenye wimbo." Na mkunga wa kwao akitumwa hahojihoji. Akapeleka habari nyumba tatu, na kila nyumba ikadhani imechaguliwa peke yake.

Sasa nikwambieni kila mmoja alitoa nini, ili msije mkaamua kwa sura.

Mashavu alikuwa na dada yake, Chausiku. Chausiku akakonda, akakohoa, akafa. Nyumbani wakasema katupiwa jini na jirani, bibi mmoja mjane, mpaka yule bibi akahama mtaa na kuku wake. Lakini Mashavu ndiye aliyemuuguza, na alimsikia dada yake akisema, "Si jini, mdogo wangu. Ni ugonjwa huu huu wa siku hizi. Na aliyenipa alikuwa mzuri tu wa kutazama." Maneno hayo yalimkaa Mashavu kifuani akashindwa kula. Akayatoa kwa kutunga:

Macho hayana pazia, damu pazia inalo;
Umependa umbo lake, hujui alichonalo.
Usinionyeshe pete, nionyeshe majibu;
Kama bado hujapima, vaa mpira, si aibu.

Angeishia hapo asingegombana na mtu. Ubeti wa mwisho akautaja ukweli kwa jina: Chausiku hakurogwa. Wimbo ulipotoka redioni, baba yake akamwita barazani. "Umemfukua dada yako," akamwambia. "Mimi sina mtoto anayefukua makaburi." Toka siku hiyo Mashavu hana kwao. Amepanga chumba, na sikukuu ikifika hula na wapangaji wenzake.

Kilua naye. Mdundo wa wimbo aliutengeneza kwa redio yenye deki mbili: anachukua kipande kidogo cha ngoma kwenye kanda ya Wazungu aliyoazima, anakinakili, anasimamisha, anarudisha, anakinakili tena, mpaka kipande kikawa wimbo mzima na vidole vimekufa ganzi. Kikabaki kitu kimoja, kanda ya kurekodia. Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa amekuja Korogwe msibani, akawaambia vijana ataichukua kazi yao, ila basi lake linaondoka mchana. Wakazunguka maduka yote, kanda tupu hakuna. Kibandani kwa Kilua, ukiacha ile yenye mdundo, ilikuwapo moja tu, na haikuwa tupu.

Baba yake Kilua alikwenda machimboni Mererani akafia shimoni, hata mwili haukupatikana. Kabla ya hapo aliwatumia nyumbani salamu kwa kaseti, sauti yake mwenyewe, akimtaja kila mtoto kwa jina. Mama alivunja vile vijino vya nyuma ya kanda ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Kila Ijumaa walikaa wakaisikiliza. Siku ile Kilua aliishika mkononi, akawatazama wenzake. Akakunja kipande cha karatasi, akakishindilia kwenye matundu ya vijino, akabonyeza.

Alichokuwa hajui ni kwamba kichwa cha kufutia cha redio ile kimechakaa. Sauti ya baba haikufutika yote. Mama yake alikuwa sokoni akichagua maharage wimbo ulipopigwa, na chini ya ngoma, kwa mbali, akamsikia mumewe: "Wanangu, hamjambo?" Alikaa chini juu ya gunia, na mwenye maharage akadhani ameanguka kifafa. Nawaambieni, ni sauti ile ya chini iliyoutia wimbo ule kitu. Watu hawakujua wanasikia nini, walijua tu nywele zinawasimama. Nyimbo za kuonya zilikuwa nyingi, watu walizicheza wakazisahau. Huu waliuzima, kisha wakauwasha tena.

Sasa Hiza, na hapa Mkunde mwenyewe anaingia.

Hiza aliyasema maneno ya Mashavu mara moja tu, pasipo kurudia, maana muda ulikuwa umekwisha. Aliyasema kama anamwambia mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Na kweli aliketi: Mkunde alikuwa juu ya kigoda kibandani, akimpepea kwa kifuniko cha boksi. Walikuwa wanapendana. Tena wimbo ulipovuma, Mkunde akaugeuza fimbo. Kila Hiza akimsogelea, humwambia, "Kama bado hujapima, vaa mpira, si aibu," na Hiza hucheka, akatii. Walicheka sana siku hizo. Mkunde hukumbuka kicheko hicho kikamuuma kuliko kilio.

Ikafika siku Hiza akaja na pete ya posa. Mkunde akaitazama, akaitamani, kisha akasema kibwagizo, "Usinionyeshe pete." Hiza akaangua kicheko. Mkunde hakucheka.

"Mbona unanikazia macho?" Hiza akauliza.

"Nataka majibu, Hiza. Umewaambia nchi nzima. Mimi nikose?"

Wakaenda hospitali, wakatolewa damu, wakarudi siku ya majibu. Kila mtu aliingia peke yake. Mkunde alitoka kwanza, salama, akakaa kwenye benchi anapiga dua. Hiza akatoka. Sikilizeni vizuri hapa. Hakuna aliyeyajua majibu yake ila yeye na daktari. Angeweza kutabasamu. Angeweza kusema, "Niko kama wewe," akamvisha pete, na Mkunde angemwamini, maana nani asiyeiamini sauti ile? Akakaa mwisho wa benchi, mbali naye.

"Wamekwambiaje?" Mkunde akauliza.

"Wamenisomea wimbo wangu," Hiza akasema. "Nenda nyumbani, Mkunde. Usinisubiri."

Akaenda. Hilo ndilo linalomla mpaka leo: kwamba aliambiwa aende, naye akaenda. Hiza aliuguzwa na mama yake, Bi Nambua, na Mkunde alifika mara moja tu, akasimama uani, akamsikia ndani akiongea na mama yake kwa ile sauti isiyokonda, na miguu ikakataa kuingia. Hiza alizikwa wakati wa masika. Baadaye Mkunde akaolewa na Mbelwa, mtu mpole, baada ya kupima wote wawili. Akapata mtoto huyu.

Lakini mtu aliyerekodiwa hafi vizuri. Mkabala na nyumba ya Mkunde kuna kinyozi, na kinyozi ana kanda ile, na kila akiona wateja wamechoka kungoja huiweka. Kabla ya kibwagizo Hiza huvuta pumzi. Mkunde huisikia. Huwa anapepeta mchele au anafua, na pumzi ile ikivutwa, naye huzuia yake mpaka maneno yatoke. Wakati wa mimba alimwomba kinyozi aache kuupiga. Kinyozi akaacha, na kimya kile kikamtisha zaidi, akaenda mwenyewe kumwomba aurudishe.

Basi arobaini ikafika. Wakaja watatu, kila mmoja amejiandaa.

Mashavu alikuja na kanga mpya. "Shoga," akasema pale mlangoni, "mimi sina baba wa kunipeleka shughuli. Habari yako iliponifikia nililia. Nikasema kumbe kuna nyumba moja bado inaniita." Akawaona wengine, akaishika ile kanga kwa mikono miwili.

Kilua alikuja na mama yake amemshika mkono. "Shemeji," akasema, maana hakuacha kumwita hivyo tangu enzi za Hiza, "mama hajanisamehe. Ijumaa bado anakaa palepale, redio imezimwa. Nilipomwambia umeniita, ndiyo mara ya kwanza amenipikia chai." Mama yake alikuwa anamwangalia mtoto.

Bi Nambua alikuja na shati. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, shati la Hiza alilovaa akienda kupokea majibu. Alilikunjua mbele ya Mkunde. "Mwanangu hakuacha mtoto," akasema. "Sikudai mjukuu, mama. Nakuomba nguo yake ishike kitu kilicho hai, mara moja, nami nikalale."

Ndugu na majirani nao wakaingia kati, na mnajua majirani.

"Mfungeni kwenye shati!" akasema mmoja. "Yule angemficha, leo tungekuwa tunazungumzia makaburi matatu."

"Ala! Mtu akiwa na moto mkononi asikuchome, ndiyo umpe zawadi?" shangazi yake Mkunde akajibu. "Mpeni Mashavu. Hiza alikuwa kasuku. Maneno ya nani?"

"Maneno yapo hata kwenye ukuta wa zahanati," akasema wa tatu. "Uliwahi kuyasoma, wewe? Ile sauti ya chini ndiyo iliyotutia hofu. Kilua alimtoa baba yake."

"Alimtoa ndiyo, lakini alikusudia kumfuta! Kubaki kwake ni ubovu wa redio."

"Na Mashavu alikusudia kumwokoa Mkunde? Alikuwa anamlilia dada yake tu!"

Mkunde alimgeukia mumewe. Mbelwa akashika kiuno. "Mke wangu, mimi ningemshukuru hata kinyozi," akasema. "Hili ni la kwako."

Mkunga akatazama kivuli cha nyumba, akasema adhuhuri inakaribia, na mtoto asiyetoka kabla ya hapo siku ya arobaini yake hutolewa kimya kimya kwa mlango wa uani, kama anayeibwa. Mkunde hakutaka hilo. Alikuwa amekwisha kumwacha mtu mmoja kwenye benchi, asingeweza kumtoa mwanawe kwa mlango wa wizi.

Akakifikia kizingiti, mtoto kifuani, joto lake linapenya nguo. Nje mikono ikanyooshwa: mikono ya Mashavu ndani ya kanga mpya, mikono ya Kilua yenye makovu ya risasi ya kuchomea nyaya, mikono ya Bi Nambua iliyobeba shati lililo wazi kama kitanda kilichotandikwa. Mkunde aliwatazama wote, akijua kwamba akimpa mmoja, wawili watarudi kwao kama wanaotoka mazikoni, na kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayestahili kurudi hivyo.

Haya. Wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo, na wewe uliyemcheka shangazi, njooni mkae alipo Mkunde. Mtoto mnaye nyinyi sasa. Mkimweka mikononi mwa mmoja, mikono ya wawili itashuka mitupu, nanyi mtaiangalia ikishuka. Je, mngempa nani?