Dagaa Mmoja wa Mzee Pandu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Na wewe uliyekalia mguu wa mwenzio, jisogeze.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wavuvi, Mtangani, chenye watu arobaini. Walivua kwa juya, ule wavu mrefu unaotaka mikono mingi kuuvuta ufukweni. Juya likishatoka, Bi Mize aligawa samaki mafungu juu ya mchanga, akaita majina. Ukiitwa, unaitika, unachukua fungu lako.

Mzee Pandu alikuwa kiziwi, hasikii hata radi. Yeye aliitwa kwa miguu. Watu walikanyaga mchanga, du, du, du, akahisi mtetemo nyayoni, akaja anacheka.

Basi, zimwi likahamia kwenye pango la mwambani. Siku moja likammeza mtu. Siku nyingine likameza wa pili. Siku nyingine wa tatu. Watu wa Mtangani wakawatafuta wenzao? Thubutu! Walisema, "Kahama huyo," wakaligawana fungu lake. Tena walifurahi, maana mafungu yalinenepa! Watu wazima, na akili zao.

Zimwi likameza, likameza, likameza, hata wakabaki kumi. Juya likawashinda. Wakijitahidi sana walipata kapu moja la dagaa.

Siku moja Mgeni, binti pekee wa Bi Mize, alikwenda mwambani kutafuta pweza, asirudi.

"Kahama," akasema jirani yao Makame, mkono wake tayari uko kwenye fungu la Mgeni.

"Kahama na kanga moja? Toa mkono wako!"

Bi Mize akalia. Alilia kwa uchungu, akalia na kwa aibu, maana mafungu ya waliopotea yeye ndiye aliyekuwa akiyagawa.

Akalibeba fungu la mwanawe, akafuata nyayo zake mpaka mbele ya pango, wenzake wakimfuata nyuma. Akaliweka chini, akaita:

"Mgeni wangu, fungu lako lipo!"

Kimya.

"Mgeni wangu, fungu lako lipo!"

Kimya.

"Mgeni wangu, fungu lako lipo!"

"Labeka, mama! Nimo tumboni!"

Zimwi likatoka limejishika tumbo. "Nani ananivuruga? Asiyewekewa fungu ni wangu! Mkimwekea, nitamzuiaje?"

Mnaona? Mdomo mkubwa, siri haikai.

Likakohoa, na Mgeni huyo nje, mzima, amelowa chapachapa.

"Makame! Leteni kapu!" Bi Mize akapiga kelele. "Kila aliyepotea awekewe fungu lake!"

"Dagaa wenyewe hawa? Sisi tutakula nini?" akauliza Makame.

"Weka mmoja mmoja. Leo tutalala na njaa, lakini tutalala wengi."

Basi wakapanga dagaa mmoja mmoja, wakaita jina baada ya jina. Zimwi likawa linakohoa, watu wanatoka, wanachukua dagaa wao. Mwisho akabaki dagaa mmoja mchangani.

"Mzee Pandu!" wakaita. Kimya. "Mzee Pandu!" Kimya. "Mzee Pandu!" Kimya.

Zimwi likacheka. "Mniachie huyo tu! Kwa huyo mmoja nitaanza upya."

Makame akajipiga paji la uso. "Jamani! Pandu haitwi kwa mdomo!"

Wale kumi wakakanyaga mchanga. Wapi! Haukutikisika hata kidogo. Ndipo waliotoka tumboni wakajipanga nao, wamechoka, wakakanyaga wote pamoja.

Du! Du! Du!

Mwamba ukatikisika. Na ndani ya tumbo la zimwi kukajibiwa kwa miguu: du! du! du!

Zimwi likapasuka kama boga bovu. Mzee Pandu akatoka anacheka, akawatazama wote, akauliza, "Fungu langu lipi?"

Bi Mize akamwekea dagaa yule kiganjani kwa mikono miwili.

Asubuhi yake watu arobaini walivuta juya, likatoka limejaa. Na toka hapo, hata mtu akiolewa mbali au akienda kutafuta maisha, Mtangani huwekewa samaki mmoja na jina lake huitwa. Wengi husikia, wakarudi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kapu nimelitua. Mafunzo yake ni haya: mwenzenu akiondoka, msigawane nafasi yake. Mwekeeni, na mumwite kwa namna anayosikia yeye.