Jina la Kuitwa Mferejini

Sogeeni, wajukuu, ila msinipande magotini, yananiuma. Hapo kale, kale ya kale, milima ya Upare ilipokuwa na misitu mingi kuliko watu, palikuwa na mtawala aitwaye Mrindoko. Alizeeka, akachoka. Kuamua kesi, kachoka. Kusifiwa, kachoka. Wanawe wote walikufa kwa ndui, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Kwa nini? Desturi ya huko ilikuwa hivi: maji ya mfereji yakifunguliwa kila msimu, kila mtu huita jina la marehemu baba yake. Asiye na mtoto, nani atamwita?

"Nichongeeni ngoma kubwa," akaamuru, "ipigwe, nitajwe!"

Ngoma ikachongwa. Panya wakala ngozi. Ikawambwa nyingine, panya wakala tena. Mnacheka? Yeye hakucheka, ilimwingia moyoni.

Mwaka huo ukingo wa mfereji ukabomoka kule juu. Ukoo huu ukasema, "Zamu yao." Ukoo ule ukasema, "Zamu yao." Migomba ikanyauka.

Mrindoko akatwaa jembe, akapanda mlima, pumzi juu juu. Mjane mmoja, Namkunda, akamkimbilia.

"Baba! Mtawala hashiki tope! Ni mwiko!"

"Mwanangu, mwiko haunyweshi migomba. Nipishe."

Akachimba. Akapumzika, akachimba. Namkunda akaona haya, akashika jembe. Watu wakafuata, koo zote, mpaka ukingo ukasimama.

Mzee akarudi mgonjwa, hakuinuka tena. Siku ya kufungua maji alilala katega sikio. Akaitwa baba wa huyu, akaitwa baba wa yule. Jina lake, kimya. Akalia, wajukuu, mtu mzima yule.

Namkunda akaingia na kibuyu cha maji. "Baba, unalilia nini?"

"Hamkuniita."

"Tungekuitaje, nawe ungali hai? Kumwita aliye hai pale ni kumtakia kifo! Lakini koo zote zimeanza kugombania nani atakuita kwanza."

Mrindoko akanywa, akacheka mpaka akakohoa.

"Basi nisiwacheleweshe," akasema, akageukia ukutani.

Msimu uliofuata, hakuna aliyeanza na baba yake mwenyewe.

Haya. Anayetaka kukumbukwa asichonge ngoma, ashike jembe angali na mgongo. Mimi wangu umekwisha. Kisa kimeteremka mlima, kimewafikia. Mwenye kibuyu ateke, na mzee aachwe alale.