Kigoda Kisichokaliwa

Paukwa!

Pakawa!

Ndivyo mnavyoitikia? Mmekunywa uji wa jana? Paukwa!

Pakawaaa!

Afadhali. Sasa sikilizeni.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakisema kama sisi na kujidanganya kama sisi, palikuwa na mji uliojivunia kigoda. Mababu walikichonga kwa mti wa mninga, wakaweka sheria: anayeshtakiwa akae hapo, na akishakaa asiguswe na yeyote, awe mkubwa awe mdogo, mpaka aseme yake yote na mji umsikie.

Sheria nzuri, au siyo? Nzuri mno! Wakaipenda mpaka wakaiharibu. Nyani, mtunza kigoda, alidai kwamba washtakiwa wanakichafua. Basi wakakifunika kitambaa cheupe, wakakitundika juu kabisa, darini kwenye baraza. Kila siku ya gulio walikibadilishia kitambaa, wakakiimbia, wakalia machozi. Mgeni akija anaonyeshwa kwa kidole: "Kwetu sisi kila kiumbe ana haki!" Na mgeni naye anapiga makofi, mpumbavu yule.

Siku moja mtama wa ghala la mji ulikutwa umeliwa wote. Jumbe Ngiri akanusa huku, akanusa kule, halafu akamnyooshea pua Kanga, mama wa watu aliyekuwa ameatamia mayai yake.

"Mwizi ndiye huyu! Anyonyolewe manyoya, atupwe nje ya mji leo hii."

"Na mayai yangu, Jumbe? Yatapoa!"

"Hayatapoa. Tutayakaanga."

Kanga akainua shingo. "Basi naomba kigoda, nikae niseme."

Nyani akaruka juu. "Kigoda hakikaliwi, kinaheshimiwa!"

"Kishusheni basi, nikiguse tu."

"Kigoda hakiguswi, kinaheshimiwa!"

"Basi nitasema nikiwa nimesimama."

"Bila kigoda husikilizwi! Ndiyo sheria!"

Na mji mzima ukaitikia, "Kweli, ndiyo sheria," huku wakijiona wana hekima. Hekima ya wapi! Vichwa vitupu vile.

Askari wakamsogelea Kanga wamnyonyoe. Lakini wajuzi wetu walisahau kwamba Kanga ana mabawa. Purrr! Akaruka mpaka darini, akatua juu ya kigoda.

Pwaa! Kigoda kikamwagika chini, unga mtupu. Mchwa walikuwa wamekila chote kwa ndani zamani, kilichobaki ni ganda na kitambaa. Vumbi likamjaa Nyani puani, Kanga akaanguka katikati ya baraza.

Jumbe Ngiri akacheka mpaka tumbo likamtikisika. "Kigoda hakipo! Sheria haipo! Mnyonyoeni!"

Hapo Kobe akajikokota mbele. Naye alikuwa mwimbaji mkubwa wa siku za gulio, na aibu ilimchoma. "Bi Kanga, njoo ukae hapa mgongoni kwangu."

"Mzee Kobe," Nyani akapiga chafya, "wewe si mninga!"

"Mababu walitaka mtu asikilizwe, wewe Nyani. Mti ulikuwa wa kukalia tu. Miaka yote nimeimba nikidhani natunza sheria, kumbe nalisha mchwa."

Kanga akakaa. Askari wakatazamana, kisha wakarudi nyuma. Na kwa mara ya kwanza tangu mababu wafe, mji ukanyamaza usikilize.

"Mlango wa ghala umetobolewa matundu mawili kwa chini, kisha ukang'olewa," Kanga akasema. "Mimi nina mdomo huu mdogo. Nani hapa ana meno ya kutoboa mbao?"

Macho yote yakamgeukia Jumbe. Pumba za mtama zilikuwa bado zimemganda kwenye ndevu.

"Mshikeni! Mpigeni! Mchuneni!" mji ukapiga kelele. Mnawaona? Sasa hivi tu walikuwa wakitaka manyoya ya Kanga.

Jumbe akapiga magoti, jasho likimtoka. "Jamani, jamani, jamani! Na mimi nisikilizwe!"

Kanga akashuka mgongoni kwa Kobe. "Kaa, Jumbe. Ni haki yako pia."

Ngiri akakaa na mwili wake wote. "Sema upesi, Jumbe," Kobe akaguna kutoka chini, "nakufa." Lakini Jumbe alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, zikatoka pumba tu. Kanga alikwisha kwenda zake kwenye mayai, na mayai yalikuwa bado na joto.

Hadithi yangu naiacha hapo, mgongoni kwa Kobe. Na wewe unayecheka sana pale, wewe ambaye sheria umeitundika ukutani ndani ya kioo: lini mara ya mwisho uliishusha, mtu akaikalia?